Mkono Usiofika Sikio

Siku ya kuniaga mliniweka kiti cha mbele mkaniomba niseme machache kuhusu kazi. Nikasema machache kweli, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na mgeni rasmi alikuwa amekwisha kutumalizia maneno. Jioni ile mmoja wenu akanifuata nje akaniambia, "Mwalimu, ungetuandikia. Sisi tuliokuja juzi hatujui chochote kuhusu shule hii." Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Nitaandika habari za uandikishaji, mahudhurio na matokeo, maana ndiyo kazi niliyoifanya, na nitaandika zaidi kosa moja nililolitenda kwa mkono wangu nikiamini kabisa kwamba nafanya vizuri.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Nilipomaliza chuo cha ualimu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipangiwa shule moja upande wa Ulaya, wilaya ya Kilosa. Nikamwandikia baba kwa haraka kwamba nimepangiwa Ulaya. Baba akaipeleka barua kanisani, ikasomwa. Watu wakampongeza, na jirani yetu mmoja akaanza kuniagiza koti. Ilibidi niandike barua ya pili kueleza kwamba Ulaya hii hufikiwa kwa treni mpaka Kilosa, kisha kwa lori la pamba, na mwisho kwa miguu. Baba hakuisomesha hiyo ya pili.

Aliyenipokea ni Mwalimu Kibwana, mwalimu mkuu, mtu mfupi wa Kilosa mjini, mwenye kofia ya kitambaa na baiskeli isiyo na breki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatazama viatu vyangu.

"Hivyo vimetoka Bukoba?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vizuri. Vitafika mpaka masika."

Vilifika mpaka katikati ya masika. Mwalimu Kibwana alikuwa hivyo, hasemi sana, na akisema huna la kujibu. Shule yake ilikuwa vyumba vinne vya udongo vilivyoezekwa nyasi. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichobaki walipokuwa wakijenga njia ya kwenda Mikumi, kikaning'inizwa kwa waya. Chaki zilikuja chache, kwa hiyo kipande kikiwa kifupi cha kushindwa kushikika alikibana kwenye ncha ya mwanzi uliopasuliwa, akaendelea kuandika mpaka ibaki vumbi. Mwanzi ule alinigawia mmoja siku ya kwanza. Ninao mpaka leo.

Kitu cha pili alichonipa ni rejista ya mahudhurio. Chuoni tulifundishwa kuijaza kwa wino, mstari kwa aliyekuja na duara kwa asiyekuja, na ukurasa uwe safi. Yeye alikuwa na tabia ya kuandika sababu pembeni kwa penseli. Ukifungua rejista yake utakuta mbele ya jina la mtoto ameandika "anaamia," yaani yuko shambani anafukuza ndege kwenye mpunga, au "mama kajifungua," au "mto umejaa." Kwa watoto waliokaa upande wa kuelekea Mikumi, mara kwa mara aliandika neno moja tu, "tembo." Mkaguzi mmoja alilikata kwa kalamu nyekundu akaandika kwamba hiyo si sababu. Mwalimu Kibwana akasema, "Yeye hajakutana naye njiani."

Mimi niliona maandishi yale ya penseli ni uchafu. Rejista yangu ilikuwa safi kama shuka la hospitali, na nilijivuna nayo.

Sasa nifike kwenye sikio. Ninyi mnaandikisha kwa cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Sisi hatukuwa na hayo. Mzazi akikuambia mtoto ana miaka saba, anamaanisha kwamba alizaliwa mavuno fulani, na mavuno yamekwisha kuwa mengi. Kwa hiyo tulitumia kipimo kilichotumika nchi nzima: mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, anajaribu kushika sikio la kushoto. Akilishika amefikia umri wa shule. Asipolishika anarudi nyumbani. Nafasi za darasa la kwanza zilikuwa hazitoshi, kwa hiyo kipimo kile kilituokoa ugomvi mwingi.

Januari yangu ya kwanza Mwalimu Kibwana alikuwa amelala na homa, akaniachia uandikishaji. Nikaufanya nilivyofundishwa. Mtoto asimame wima, visigino pamoja, shingo imenyooka, hakuna kujikunja. Nilikuwa hata na kipande cha ubao nilichokiweka mgongoni mwao wasipinde.

Katika foleni alikuja bibi mmoja mwembamba, Bibi Tausi, amemshika mkono mjukuu wake aitwaye Zena. Mama yake Zena alikuwa amefariki, bibi ndiye aliyemlea. Mtoto alikuwa mdogo wa umbo, macho makavu, hana hofu hata kidogo. Akapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vikaishia juu kidogo ya sikio, upana wa vidole viwili hivi. Akajaribu tena akiuma mdomo. Wapi.

"Mwakani," nikasema.

Bibi Tausi akasema, "Mwalimu, huyu na yule uliyemwandika sasa hivi walizaliwa wiki moja. Mimi ndiye niliyewapokea wote wawili."

"Bibi, sheria ni sikio."

Wakaenda. Mwaka uliofuata wakaja tena. Mtoto alikuwa amerefuka, lakini na kichwa nacho kilikuwa kimekua, na mikono yake kwa kweli ilikuwa mifupi kwa maumbile. Vidole vikagusa ncha ya sikio visiweze kulishika. Nikasema tena mwakani. Bibi Tausi akafungua kanga, akamfuta mtoto jasho la shingoni, wakarudi walikotoka. Nakumbuka nilimwambia Mwalimu Kibwana jioni kwamba bibi yule ni msumbufu. Akaniuliza, "Alisumbua nini?"

Zena aliandikwa mwaka wa tatu, mwaka wa Azimio, akiwa mkubwa kuliko nusu ya darasa lake kwa umri na mdogo kuliko wote kwa umbo. Na hapo ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa nimekirudisha. Mtoto yule alikuwa na akili. Si za kukariri tu, zile za kuuliza. Alifaulu mtihani wa darasa la nne uliokuwa unachuja wengi, akaingia la tano, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa lake, nikamfanya kiranja wa kuniletea rejista. Nikiita jina kukawa kimya, nikichora duara langu safi la wino, Zena husema polepole, "Huyo anaamia, Mwalimu," au, "Huyo kaptula imechanika, anaona haya." Siku moja nilimuuliza akimaliza shule anataka kazi gani. Akasema, "Kuita majina." Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Kuhusu matokeo, niseme ukweli. Tangu shule yetu ipate darasa la saba hatukuwa tumepeleka mtoto hata mmoja sekondari. Ofisini kulikuwa na ubao mdogo, safu ya mwaka na safu ya waliochaguliwa, na kila mwaka Mwalimu Kibwana aliandika neno "Hakuna." Hakulifuta la mwaka uliopita. Aliandika jipya chini yake. Zena alipofika darasa la saba sote tulijua kwamba kama ubao ule utabadilika, ni mwaka ule. Alikuwa anajua hesabu kuliko mimi, na hilo nilimficha mpaka nilipostaafu.

Miezi miwili kabla ya mtihani Zena hakuja shule. Nikachora duara. Kesho yake duara. Nikauliza darasani, wasichana wakainamisha vichwa, wavulana wakatazamana na kubana vicheko. Hakuna aliyesema, na kiranja aliyekuwa akinitajia sababu za wengine ndiye huyo hayupo. Mwalimu Kibwana alikuwa kwenye semina Morogoro. Wiki mbili zikatimia. Kanuni ilisema wiki mbili bila taarifa ni utoro, na mzazi aripotiwe. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Mtoro." Nikaandika barua, nikaipiga muhuri, nikampa balozi wa nyumba kumi aipeleke ofisi ya kata. Balozi aliisoma, akanitazama muda mrefu, akaikunja akaenda nayo. Sababu aliijua kama wote walivyoijua. Lakini barua ina muhuri, afanyeje.

Baba yake Zena, Mzee Salehe, akaitwa. Alikalishwa kwenye benchi la ofisi ya kata tangu asubuhi hadi alasiri, siku ya kusafisha shamba, mbele ya watu wanaomjua. Wakamuuliza mtoto wako yuko wapi. Hakujibu. Wakamwambia anaficha mtoto aozwe. Hakujibu. Wakampa wiki moja, akija tena bila jibu atalala rumande. Akarudi nyumbani bila kujibu, na njiani akapita mbele ya shule, nikamwona, naye akaniona. Alinisalimu vizuri tu. Mimi nikaona kwamba barua yangu imefanya kazi.

Mwalimu Kibwana akarudi siku ya tatu. Akafungua rejista yangu, akafika kwenye wino mwekundu, akaketi.

"Mtoto huyu umemwandika mtoro?"

"Wiki mbili, Mwalimu. Kanuni."

"Zena amevunja ungo. Yuko ndani."

"Ndani ya wapi?"

Akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya ofisini. "Mwalimu Festo, una miaka karibu kumi hapa. Hujawahi kusikia habari ya mwali?"

Nilikuwa nimeisikia kama mtu anavyosikia ngoma ya kijiji kingine. Kwetu Bukoba sikuikuta. Nilijua kwamba ngoma hupigwa, wanawake hucheza, msichana hutolewa amepakwa mafuta, basi. Sikujua kwamba msichana akipevuka huwekwa ndani miezi na miezi, hatoki mchana, haonwi na mwanamume, hata baba yake, na kwamba habari yake haitamkwi na mwanamume wa kijiji mbele ya wanaume wenzake. Ndiyo maana balozi alinyamaza. Ndiyo maana Mzee Salehe alikaa kwenye benchi siku nzima akavumilia kutukanwa. Neno ambalo lingemwokoa hakuwa na ruhusa ya kulisema.

Nikahesabu kwa vidole. Kama ningemwandika Zena mara ile ya kwanza, angekuwa amemaliza darasa la saba miaka miwili nyuma, bado mtoto, na hakuna ambaye angemweka ndani kabla ya mtihani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nawaambia ninyi vijana waziwazi, sijawahi kuona aibu kama ile tena.

Mwalimu Kibwana alikwenda kwanza ofisi ya kata akayamaliza ya Mzee Salehe kwa njia zake. Kisha akanichukua kwenda kuomba radhi. Alinifundisha njiani: ubebe jogoo, uvue viatu, usimuulizie mtoto, na mbele ya Mzee Salehe omba radhi tu, basi. Mzee Salehe alipokea jogoo, akasema yamekwisha, lakini akaongeza, "Hilo lenu lingine si langu. Mwenyewe yuko uani."

Bibi Tausi alikuwa anatwanga. Nikamwamkia shikamoo. Akatwanga mara tatu zaidi ndipo akaitikia, "Marahaba." Mwalimu Kibwana akaeleza kwa upole kwamba kuna mtihani, kwamba hauji tena, kwamba mtoto ana kichwa chepesi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye wa sikio."

"Ndiye mimi, Bibi."

"Mara ya kwanza ulisema mwakani. Mara ya pili ulisema mwakani. Sasa na mimi nakwambia." Akaegemeza mchi ukutani. "Mwakani, Mwalimu. Sheria ni ndani."

Nilitazama chini, nikaona miguu yangu bila viatu, nikatamani nitembee nayo mpaka Bukoba. Mwishowe nikasema kilichokuwepo. "Bibi, nilikosea. Mtihani huu hauna mwakani. Uliposema walizaliwa wiki moja ulisema kweli, na mimi sikukusikiliza."

Mwalimu Kibwana akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Bibi, mwali akishikwa na homa kali, anapelekwaje zahanati?"

"Anafunikwa. Anatolewa alfajiri watu hawajaanza kupita. Anakwenda na mwanamke."

"Na mganga akiwa mwanamume?"

"Anaona mkono tu, wa kuchoma sindano."

"Mtihani nao," akasema Mwalimu Kibwana, "unataka mkono tu."

Bibi Tausi alimtazama, kisha akanitazama mimi, na nadhani palikuwa na kicheko mahali fulani usoni mwake, lakini hakukitoa. Akasema atazungumza na wenzake, wale wazee wa kike wenye kauli katika mambo hayo. Kwa wiki nzima hatukusikia kitu. Kisha asubuhi moja akaja shuleni na kapu la kisamvu kichwani, akalitua mlangoni pa ofisi, akachimbua chini ya majani, akatoa daftari la Zena.

"Mnasema ana masomo yaliyompita. Mpe."

Ndivyo tulivyofanya hadi siku ya mtihani. Nilikuwa naandika maswali, Bibi anayafunika na kisamvu, siku ya tatu yanarudi na majibu. Bibi mwenyewe hakujua kusoma. Siku moja alisimama akanitazama nikisahihisha, akauliza, "Hiki chekundu ni kibaya au kizuri?"

"Kizuri, Bibi. Amepata."

"Basi weka vingi."

Siku ya mtihani walifika kabla jua halijachomoza. Tulikuwa tumetundika mkeka kona ya nyuma ya darasa, mbele yake dawati, nyuma yake kigoda cha Bibi. Watahiniwa walipoingia walimkuta ameshakaa, wakaona mkeka tu. Msimamizi alitoka shule nyingine, mwanamume makini, naye hakukosea kuuliza alichouliza.

"Nitajuaje aliyeko nyuma ya mkeka ndiye mwenye namba hii?"

Mwalimu Kibwana akampa lile daftari la kisamvu, likinuka majani. Msimamizi akalichukua, akaenda konani, akasema kwa mkeka, "Mtahiniwa, andika namba yako na jina." Ukatoka mkono ukiwa na kipande cha karatasi. Akalinganisha mwandiko na daftari, akalinganisha tena. Akasogea kama anataka kuchungulia kidogo. Bibi Tausi akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida, "Baba, umekuja kusimamia mtihani au kusimamia mwali?"

Msimamizi akarudi mbele ya darasa, na siku zote za mtihani hakuikaribia ile kona ila kutoa karatasi na kupokea. Mimi nilikuwa nje, sikuruhusiwa kuingia. Kupitia dirishani niliona ule mkono kila ulipotoka. Ulikuwa mfupi bado.

Matokeo hutoka watoto wakiwa likizo. Mwalimu Kibwana alikwenda Kilosa kwa baiskeli kuyachukua. Nilimwona akirudi anaisukuma badala ya kuipanda, na barabara pale ni tambarare. Akaingia ofisini, akakaa.

"Alama zake zinatosha," akasema. "Kuna mtoto wa shule nyingine mwenye alama kama zake, nafasi ni moja. Wakatazama umri. Wakampa mdogo."

Umri kwenye ile fomu niliujaza mimi. Niliujaza kwa uaminifu, kwa wino, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwalimu Kibwana hakunitajia hilo wala siku ile wala baadaye. Alichukua mwanzi wake wa chaki, akaandika "Hakuna" chini ya mengine, na safari hii pembeni akaongeza jambo kwa maandishi madogo: "Zena alitosha." Mkaguzi aliyefuata aliuliza Zena ni nani na alitosha nini. Tukamwambia ni habari ndefu.

Zena alitolewa ndani kwa ngoma kubwa. Sikwenda, nilipeleka kanga. Baadaye akaolewa kijiji cha pili, akawa na mtoto mmoja, akalima mpunga. Nikikutana naye njiani aliniamkia kwa heshima zote, nami nilitafuta njia ya kupita upesi. Huo ndio ulikuwa uanaume wangu wakati ule.

Kisha vijiji vikakusanywa, watu wakahamia kandokando ya barabara, na likaja tangazo la elimu kwa wote. Kila mtoto aingie shule. Mnaolalamika leo kwamba darasa limejaa, nawaheshimu, lakini sisi tulifundisha zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, na vyumba havikutosha, na wengine walikaa juu ya matofali waliyoyafyatua wenyewe. Walimu ndio hawakuwepo. Serikali ikasema waliomaliza darasa la saba na kufaulu vizuri wachukuliwe, wafundishwe ualimu papo hapo vijijini, huku wanafundisha. Mwalimu Kibwana alikuwa amestaafu, nami nikawa nimekalia kiti chake. Nikachukua fomu, nikaenda kwa miguu mpaka kijiji cha pili.

Zena alikuwa anapepeta mchele. Bibi Tausi alikuwa amehamia kwake, amekaa kibarazani, macho yameanza kufifia. Nikaeleza shida yangu. Zena akaitazama fomu muda mrefu.

"Kuna mahali pa umri," akasema.

"Safari hii wanataka waliokomaa."

Bibi Tausi akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Ni mwaka huu au mwakani?"

"Mwaka huu, Bibi."

"Basi jaza," akamwambia mjukuu wake. Zena akajaza mwenyewe. Mimi sikuigusa.

Akaja shuleni na mtoto mgongoni. Sitaeleza alivyofundisha, wapo kati yenu waliopita mikononi mwake na wanajua. Nitasema hili tu, kwamba rejista yake ilikuwa na penseli pembeni kila ukurasa, na kwamba mwaka wa kwanza alipoishika, watoro wa darasa lake walipungua kuliko wangu wote wa nyuma, kwa sababu jioni alikwenda nyumba kwa nyumba na zile sababu zake.

Januari iliyofuata tuliandikisha. Foleni ilifika barabarani. Mimi nilikaa mezani na rejista mpya ya jalada la kijani, yeye akasimama mbele kupima masikio, maana vyeti bado havikuwepo na umri wa kuanza ulikuwa saba. Tulikwenda hivyo asubuhi nzima, yeye anapima, mimi naandika. Mwishoni akaja mama mmoja na kasichana kembamba. Kakapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vikaishia juu ya sikio, upana wa vidole viwili. Kakajaribu tena.

Mama yake akasema, "Mwalimu, amefika saba, haki ya Mungu. Ni umbo tu."

Zena alinigeukia, akanitazama pale mezani, si kwa hasira, kama mtu anayehakikisha kwamba naona. Kisha akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Mwanangu," akamwambia, "inamisha kichwa."

Mtoto akainamisha kichwa begani. Vidole vikalikamata sikio lote.

Nilikuwa na kalamu hewani. Miaka yote ile, watoto wote wale niliowanyoosha shingo kwa ubao. Nikasema, sijui hata kwa nini nilisema, "Mwalimu Zena, kipimo ni kusimama wima."

"Sikio limeshikwa, Mwalimu Mkuu," akasema. "Andika."

Nikaandika. Rejista ile ipo kabatini ofisini kwenu, rafu ya chini, ya jalada la kijani. Mkiifungua mtaona kurasa safi za wino, na mahali pamoja tu, mbele ya jina la mwisho la siku ile, neno moja la penseli, "umbo." Msilikate.